Mapumziko katika mtihani: Saa inaposimama kwa mtahiniwa mwenye ulemavu

KARATASI ya kwanza ya Hisabati katika mtihani wa KCSE huchukua muda wa saa mbili na dakika 30. Kwa mtahiniwa mwenye afya, muda huo hutosha au hautoshi kwa kutegemea jinsi alivyojiandaa. Kwa mtahiniwa ambaye mkono wake hukakamaa baada ya kuandika kwa dakika 40, hesabu ni nyingine kabisa. Huyo anaweza kulifahamu somo kuliko jirani yake, lakini ifikapo saa ya pili kalamu haishikiki, mgongo unauma na tarakimu zimeanza kupishana machoni.

Kwa miaka mingi Baraza la Mitihani ya Kitaifa Nchini (KNEC) limewaongezea watahiniwa wa aina hii dakika 30 katika kila karatasi. Ni hatua ya maana, na waliopigania haki hiyo wanastahili sifa. Hata hivyo, muda wa ziada na mapumziko ni vitu viwili tofauti, ingawa mara nyingi huzungumziwa kana kwamba ni kimoja.

Muda wa ziada humpa mtahiniwa dakika zaidi za kufanya kazi. Unamfaa anayesoma polepole au anayeandika polepole. Asomaye Breli, maandishi ya nukta nundu, hupitisha vidole juu ya kila mstari, na hawezi kuurushia ukurasa jicho mara moja kama afanyavyo anayeona. Anayehitaji mtu wa kumwandikia hupoteza muda akirudia maneno na kutaja alama za uandishi. Hawa kazi yao ni ndefu zaidi, basi wanahitaji dakika zaidi.

Mapumziko humpa mtahiniwa dakika za kutofanya kazi. Saa yake husimamishwa, karatasi hufunikwa au huondolewa, naye hunyoosha viungo, hulala chali, hunywa maji, hupima sukari, huenda msalani au hufumba macho tu. Akirejea, saa huanza tena pale ilipoachiwa. Dakika za kuandika hubaki zilezile alizopewa kila mtu. Yeye huzitumia kwa vipande.

Tofauti hiyo huonekana vizuri kwa mfano. Tuseme mtihani wa muda wa saa mbili na dakika 30 umeanza saa mbili asubuhi. Mtahiniwa wa kawaida atamaliza saa nne na nusu. Aliyeongezewa dakika 30 atamaliza saa tano. Aliyepewa mapumziko matatu ya dakika 10 naye atamaliza saa tano. Kwa anayetazama kutoka dirishani, hao wawili wa mwisho wamepata kitu kilekile. Kumbe mmoja ametakiwa kuketi na kufanya kazi kwa saa tatu mfululizo, na mwingine hakuketi kwa zaidi ya dakika 40 hivi bila kupumua.

Sasa mpe yule mwenye mkono unaokakamaa dakika 30 za ziada peke yake. Akitaka kupumzika, lazima azile dakika hizo hizo. Akipumzika mara tatu kwa dakika 10, nyongeza yake imekwisha na hajapata hata dakika moja ya kufidia uandishi wake wa polepole. Asipopumzika, atatumia nusu saa hiyo akiwa amechoka kuliko alivyokuwa kabla ya kuongezewa. Msaada uliokusudiwa kumfaa umegeuka kuwa adhabu ya kukaa zaidi.

Nani huhitaji saa isimame

Orodha ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani, na wengi waliomo si wale ambao ulemavu wao huonekana kwa macho.

Wenye mtindio wa ubongo ndio mfano ulio wazi zaidi. Misuli yao hufanya kazi ya ziada hata wanapoketi wakiwa wametulia, na kadiri wanavyochoka ndivyo inavyozidi kukakamaa. Wanaotumia viti vya magurudumu hushauriwa kupunguza uzito unaokandamiza makalio kila baada ya dakika 15 hadi 30, maana anayekaa pasipo kusogea huota vidonda, na vidonda hivyo huweza kuchukua miezi kupona. Aliyezaliwa na mgongo wazi huenda akalazimika kutoa mkojo kwa mrija kila baada ya saa tatu au nne. Jambo hilo haliwezi kuahirishwa kwa sababu swali la 19 halijakamilika, wala halifanywi kwa dakika mbili.

Kisha kuna kisukari cha aina ya kwanza, ambacho huwapata watoto na vijana. Sukari katika damu inaposhuka chini ya milimoli 4 kwa lita, mwanafunzi hutetemeka, hutokwa na jasho na fikira hutawanyika. Tiba ya awali inajulikana: gramu 15 hivi za sukari inayofyonzwa haraka, kisha kusubiri dakika 15 na kupima tena. Lakini ubongo hauamki papo hapo pamoja na kipimo. Huweza kuchukua hadi dakika 45 baada ya sukari kurejea ndipo fikira zitulie sawasawa. Madaktari huwakataza wagonjwa kuendesha gari katika kipindi hicho, na ni ajabu kwamba mtoto huyohuyo hutarajiwa kukokotoa milinganyo.

Ugonjwa wa selimundu, maarufu kama siko seli, unajulikana vyema katika magharibi mwa Kenya na katika Pwani. Maumivu yake huja bila hodi. Huchochewa na uchovu, baridi na upungufu wa maji mwilini, mambo matatu ambayo chumba cha mtihani kinaweza kuyaleta kwa pamoja. Mwanafunzi huyu anahitaji maji mezani na, kwa kuwa hunywa maji mengi, ruhusa ya kwenda msalani bila kutazamwa kama mwizi.

Wenye uoni hafifu, wakiwemo wengi walio na ualbino, hupata maumivu ya kichwa kwa kukazia macho maandishi. Kuyafumba macho kwa dakika tano kila baada ya nusu saa huwafaa zaidi ya kuyakaza kwa nusu saa nyingine. Viziwi wanaofuata maelezo kwa mkalimani wa lugha ya ishara nao huchoka macho, maana macho ndiyo masikio yao. Wenye usonji, wenye wasiwasi uliopindukia na wale wasioweza kukaza fikira kwa muda mrefu hufaidika kwa kutoka chumbani kidogo kabla hawajalemewa.

Kuna hali moja ambayo mapumziko hayaitoshi, nayo ni kifafa. Anayepata mshtuko mkubwa katikati ya mtihani huweza kubaki amechanganyikiwa kwa muda wa saa nzima au zaidi. Kusimamisha saa kisha kumrudisha kwenye karatasi siku hiyohiyo ni kumdhulumu. Kinachohitajika hapo ni ripoti maalum kwa watahini ili matokeo yake yaangaliwe kwa jicho jingine.

Uingereza wanavyofanya

Nchini Uingereza, mitihani ya GCSE na A-level huongozwa na kanuni za baraza la pamoja la mashirika ya kutahini, JCQ. Kanuni hizo huyatambua mapumziko yanayosimamiwa kama utaratibu unaojitegemea. Zaidi ya hayo, humtaka mratibu wa mahitaji maalum katika shule ayafikirie mapumziko kwanza, kabla ya kuomba nyongeza ya muda ya asilimia 25, kwa kuwa kwa wanafunzi wengi ndiyo yanayofaa zaidi.

Shule yenyewe ndiyo huamua, na haihitaji kupeleka maombi kwa shirika la kutahini. Hakuna kiwango cha juu cha dakika kilichowekwa. Kipimo ni hitaji la mwanafunzi husika, na shule lazima iwe na ushahidi wa hitaji hilo. Wakati wa mapumziko mtahiniwa haruhusiwi kuiona karatasi ya maswali wala kijitabu cha majibu. Anaweza kupumzika ndani ya chumba au nje, na akitoka lazima msimamizi afuatane naye.

Sharti jingine ni kwamba utaratibu huo uwe ndio mazoea ya mwanafunzi darasani na katika mitihani ya majaribio. Hauwezi kuzuka siku ya mtihani. Sharti hili huonekana kama urasimu, lakini lina hekima. Mwanafunzi ambaye hajawahi kufanya mazoezi ya kupumzika hajui apumzike lini. Wengi huogopa kupoteza mwendo, wakaendelea hadi mwili unapogoma, na mapumziko yanayokuja baada ya mwili kugoma hayatibu chochote.

Nchini Marekani, waandalizi wa mtihani wa SAT nao hutenganisha mambo haya. Mtahiniwa aliyeidhinishwa anaweza kupata mapumziko ya ziada kati ya sehemu za mtihani, mapumziko marefu kuliko ya wenzake, au mapumziko wakati wowote anapoyahitaji. Muda wa ziada huombwa peke yake. Mwenye kisukari, kwa mfano, huweza kupewa mapumziko bila hata dakika moja ya nyongeza, kwa sababu hasomi polepole.

Utaratibu wa Uingereza si mgeni kabisa katika Afrika Mashariki. Shule za kibinafsi zinazofuata mtaala wa huko, jijini Nairobi na kwingineko, hufanya mitihani ya kimataifa ambayo huyatambua mapumziko ya aina hii. Hivyo basi, katika mji mmoja watoto wawili wenye ulemavu wa aina moja wanaweza kufanya mitihani miwili kwa masharti yasiyofanana. Kinachowatofautisha ni karo.

Sheria inavyosema

Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 27, inapiga marufuku ubaguzi kwa msingi wa ulemavu, na kifungu cha 54 kinampa mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na kuzifikia taasisi za elimu. Kabla ya hapo, Kenya ilikuwa imeidhinisha mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu mnamo 2008. Kifungu cha 24 cha mkataba huo kinazitaka serikali zifanye marekebisho yanayofaa kulingana na mahitaji ya kila mwanafunzi. Neno la kutiliwa mkazo hapo ni “kila”. Nyongeza moja ya dakika 30 kwa wote, awe asiyeona, kiziwi au mwenye mkono uliopooza, ni rahisi kuisimamia, ila haijamtazama mmoja mmoja.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ilikwenda mbali zaidi ya inavyokumbukwa. Kifungu chake cha 18 kilizitaka taasisi za elimu kuzingatia mahitaji maalum ya wenye ulemavu katika masharti ya kujiunga, alama za kupita, mtaala, ratiba za masomo na, kwa kutajwa waziwazi, mitihani. Sheria hiyo imerithiwa na sheria mpya ya 2025. Kwa hivyo msingi wa kisheria umekuwepo kwa zaidi ya miaka 20. Kilichokosekana katika shule nyingi ni mtu anayejua namna ya kuisimamisha saa bila kuuharibu mtihani.

Namna ya kuyasimamia

Kazi huanza miezi mingi kabla ya Novemba. Mahitaji ya mtahiniwa hutajwa wakati wa usajili, na ushahidi wake hutoka kwa daktari au katika vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalum, ambavyo vilianza kuenezwa nchini tangu 1984. Mzazi anayesubiri hadi wiki ya mtihani huwa amechelewa. Barua hiyo isiishie kutaja jina la ugonjwa, bali ieleze linavyomwathiri mwanafunzi anapoandika: huchoka baada ya dakika ngapi, anahitaji kufanya nini, na hurejea katika hali yake baada ya muda gani. “Ana mtindio wa ubongo” ni sentensi isiyomsaidia msimamizi hata kidogo. “Hawezi kuandika zaidi ya dakika 40 bila kunyoosha mkono kwa dakika 10” inamwambia la kufanya.

Mwanafunzi mwenye mapumziko ya mara kwa mara afadhali awekwe katika chumba chake. Pakikosekana chumba, aketi karibu na mlango, nyuma ya wenzake, ili kuinuka kwake kusiwasumbue. Chumba kiwe karibu na msala anaoweza kuuingia na kiti chake. Katika shule nyingi msala wa namna hiyo haupo, na dakika za mapumziko humalizikia njiani. Kama atahitaji kulala, pawe na mkeka au godoro. Dawa, glukosi na kipima sukari vikaguliwe kabla ya mtihani kuanza, visije vikazua mabishano wakati mtoto anatetemeka.

Msimamizi naye ahitaji karatasi na saa inayoaminika. Mtahiniwa anapoomba kupumzika, msimamizi huandika saa kamili, huigeuza karatasi ya maswali pamoja na majibu, na kumtaka aweke kalamu chini. Akirejea, huandika saa tena. Mathalan, aliyesimama saa mbili na dakika 50 akarejea saa tatu na dakika 2 ametumia dakika 12. Akisimama tena saa tatu na dakika 40 na kurejea saa tatu na dakika 50, ametumia 10 zaidi. Jumla ni 22. Kama angemaliza saa nne na nusu, sasa atamaliza saa nne na dakika 52. Hesabu hii ifanywe kila anaporejea na saa mpya ya kumalizia iandikwe ubaoni mahali anapoiona. Msimamizi anayesubiri mwisho ndipo ajumlishe hukosea, na kosa la dakika tano ni swali zima.

Rekodi hiyo ihifadhiwe pamoja na orodha ya watahiniwa. Ndiyo kinga ya mwanafunzi, na ndiyo kinga ya msimamizi iwapo kutatokea tuhuma.

Baadhi ya karatasi hazikatiki popote. Katika mtihani wa vitendo wa Kemia, mtu hawezi kuondoka huku mchanganyiko unachemka mbele yake. Mapumziko hapo hupangwa mwishoni mwa kila hatua. Vivyo hivyo kwa mtihani wa lugha wenye sehemu ya kusikiliza: mapumziko huja kati ya sehemu moja na nyingine, si katikati ya sauti. Karatasi za insha ni rahisi zaidi, ingawa watahiniwa wengi husema kwamba ndizo zinazowaumiza mkono kuliko zote.

Hofu ya udanganyifu

Pingamizi kubwa dhidi ya mapumziko nchini Kenya haitokani na chuki kwa wenye ulemavu. Inatokana na historia ya wizi wa mitihani. Tangu 2016 masharti yamekazwa: karatasi hukaa katika makontena yenye kufuli chini ya ulinzi wa polisi, simu zimepigwa marufuku, na mwalimu mkuu ndiye anayebeba dhamana ya kituo chake. Katika mazingira hayo, mtahiniwa anayetoka chumbani mara tatu humtia hofu kila mtu. Msimamizi anayejua kwamba kosa moja linaweza kumfikisha mahakamani ataona ni salama zaidi kumwambia mtoto avumilie.

Hofu hiyo haifai kupuuzwa, lakini ina dawa. Anayefuatana na mtahiniwa asiwe mwalimu wake wa somo linalotahiniwa. Msala ukaguliwe mapema. Mtahiniwa asizungumze na yeyote ila msimamizi wake. Hayo yote yanahitaji mtu mmoja zaidi, na hapo ndipo penye gharama halisi ya utaratibu huu. Kituo chenye watahiniwa watatu wa aina hii, kila mmoja akipumzika kwa wakati wake, hakiwezi kuendeshwa na msimamizi mmoja. Shule zilizozoea kuwahudumia wanafunzi hawa, kama vile Joytown ya Thika na Port Reitz ya Mombasa, zina walimu wanaojua mahitaji yao. Mwenye kuteseka zaidi ni yule aliye peke yake katika shule ya kawaida ya kutwa, ambapo msimamizi aliyeletwa kutoka kwingine anamwona kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo.

Pingamizi la pili ni la kiakili zaidi: mtahiniwa aliyepumzika anaendelea kufikiria maswali. Ni kweli, hakuna mtu awezaye kumfungia mwingine akili. Lakini anayenyoosha mguu unaouma, au anayesubiri sukari ipande, hana utulivu wa kutunga jibu. Hata akilitunga, bado atapaswa kuliandika kwa dakika zilezile walizopewa wenzake. Ndiyo maana karatasi hufunikwa: asisome swali jipya wakati saa imesimama.

La tatu ni urefu wa siku. Mtahiniwa aliye na muda wa ziada pamoja na mapumziko anaweza kumaliza karatasi ya asubuhi saa moja nzima baada ya wenzake, kisha karatasi ya alasiri ikamkuta hajala. Kwa mwenye kisukari hilo ni hatari, na kwa yeyote mwingine ni njaa tu inayoongezwa juu ya uchovu. Pingamizi hili ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu usiri wa karatasi hauruhusu mtahiniwa mmoja aanze siku nyingine bila ulinzi maalum. Ratiba inayoepuka kuweka karatasi mbili ndefu siku moja ingewasaidia hawa, na haingewadhuru wengine.

Mwaka 2023 ulikuwa wa mwisho kwa mtihani wa KCPE, na wanafunzi wa mtaala mpya walifanya tathmini ya kwanza ya Gredi ya Tisa, KJSEA, mnamo 2025. Katika mtaala huo sehemu ya alama hutokana na kazi inayofanywa shuleni muda mrefu kabla ya tathmini ya mwisho. Kwa mwanafunzi anayechoka haraka, hilo limempunguzia uzito wa siku moja. Pia limempa mwalimu wake nafasi ya kushuhudia, mwaka baada ya mwaka, ni dakika ya ngapi ambapo mkono hukakamaa, na kuliandika jambo hilo katika rekodi kabla halijaulizwa na yeyote.